Fedha za Madaraja katika Mito ya Kalimoni

Wadi ya Kalimoni, katika eneobunge la Juja, Kaunti ya Kiambu, iko kwenye nchi ya mito. Ruiru, Theta na Ndarugu huteremka kutoka upande wa milima ya Nyandarua kuelekea Mto Athi. Mbele kidogo, Chania na Thika huchukua njia ya kwenda Tana. Kwa hiyo barabara yoyote kutoka Nairobi hadi Thika lazima ivuke maji mara kadhaa, na historia ya usafiri wa hapa ni historia ya madaraja na ya aliyeyalipia.

Mwanzoni mwa ukoloni ardhi hii iligawiwa walowezi. Mmarekani William Northrup McMillan alimiliki shamba kubwa la Juja, na mashamba ya kahawa na katani yakaenea kati ya Ruiru na Thika. Reli ilifika Thika mwaka 1913, lakini mazao yalihitaji barabara ili yafike stesheni. Sheria ya mwaka 1928 iliunda mabaraza ya wilaya katika maeneo ya walowezi, yakasimamia barabara zao kwa ruzuku ya serikali kuu. Maeneo ya Waafrika yalibaki chini ya mabaraza ya wenyeji, yenye mapato madogo. Ubora wa daraja ukategemea upande wa mpaka lilikosimama.

Baada ya uhuru mabaraza ya kaunti yalirithi mzigo huo bila kurithi mapato ya kuubeba. Bunge likapitisha sheria mwaka 1969, na kuanzia Januari 1970 barabara, pamoja na afya na elimu ya msingi, zikahamishiwa serikali kuu. Mpango wa Barabara za Vijijini, ulioanza mwaka 1974, ulitumia nguvu kazi ya wanavijiji kufungua njia nyingi ndogo. Hata hivyo matengenezo yalitegemea bajeti ya kila mwaka, na fedha zikipungua ndiyo yaliyokatwa kwanza, kwa kuwa daraja linaloharibika polepole halina mtetezi mwenye sauti kama barabara mpya.

Mwaka 1993 ukaja Mfuko wa Ushuru wa Matengenezo ya Barabara, unaokata fedha kwenye kila lita ya petroli na dizeli. Kwa mara ya kwanza ukarabati ulipata chanzo chake. Mvua za El Niño za 1997 na 1998, zilizobomoa barabara na madaraja nchini kote, zilionyesha ukubwa wa pengo lililokuwepo. Sheria ya 1999 ikaunda Bodi ya Barabara ya Kenya kusimamia mfuko huo, na ile ya 2007 ikagawa kazi kwa mashirika matatu: KeNHA kwa barabara kuu, KURA kwa miji na KeRRA kwa mashambani. Barabara kuu ya Thika, iliyopanuliwa na kufunguliwa mwaka 2012, ilipata fedha za serikali, za Benki ya Maendeleo ya Afrika na za China. Madaraja ya ndani hayakuwa na wafadhili wa namna hiyo.

Katika mgao wa mfuko, asilimia 22 imekuwa ikigawanywa sawa kwa maeneobunge yote. Usawa huo hauhesabu mito. Eneobunge lenye vivuko vingi limekuwa likipata sawa na lenye kivuko kimoja, ingawa daraja moja laweza kumeza fedha za kilomita nyingi za murramu. Juja ina mzigo wa ziada: machimbo ya mawe ya ujenzi ya Ndarugu, ambayo malori yake hupita na shehena nzito kwenye barabara za wadi. Uzito huo huchosha sitaha za madaraja, na mafuriko huchimba udongo chini ya nguzo mahali macho hayafiki.

Katiba ya 2010 iliongeza mmiliki mwingine kwa kuzikabidhi serikali za kaunti barabara za kaunti. Tangu hapo, swali la kwanza daraja linapopasuka ni kama barabara yake imeorodheshwa kuwa ya kitaifa au ya kaunti. Bila jibu, hakuna ofisi inayoweza kuliweka kwenye mpango wake wa kazi. Swali hilo la mmiliki liligusa fedha pia: mvutano wa magavana na wabunge kuhusu shilingi bilioni 10.5 za mfuko wa ushuru wa matengenezo ulifika mahakamani.

Julai 2024 ushuru huo wa mafuta ulipanda kutoka shilingi 18 hadi 25 kwa lita. Baadaye serikali iliweka rehani shilingi saba kati ya hizo ili kupata fedha za kulipa madeni ya wakandarasi. Hivyo sehemu ya fedha za matengenezo ya kesho inalipia barabara za jana. Daraja linalokaguliwa kila baada ya mvua, likazibwa nyufa na kujengewa kinga ya mawe kwenye nguzo, hugharimu kidogo kuliko lililoachwa hadi lianguke. Kwa wakazi wa Kalimoni, fedha zinazofika mapema ndizo zenye thamani kubwa.