Rufaa kutoka Kirua Vunjo: historia ya utaratibu unaolaumiwa na kila mtu

Kila Februari inapoanza, Mahakama ya Tanzania huadhimisha Siku ya Sheria, na kila mwaka lawama huwa ileile: kesi zinaanguka kwa sababu ya karatasi. Mtu amegombea kihamba, yaani shamba la ukoo, cha baba yake miaka nenda miaka rudi, kutoka Mahakama ya Mwanzo hadi Moshi mjini, na mwishowe anaambiwa rufaa imefutwa kwa kuwa notisi ilichelewa au tuzo (amri rasmi inayotokana na hukumu) haikuambatishwa. Katika Kirua Vunjo, kwenye Mlima Kilimanjaro, ambako vihamba vimebanana huko juu na wasiopata nafasi huteremka kutafuta mashamba ya tambarare kuelekea Uchira, lawama hiyo haihitaji kufafanuliwa. Wengi huhitimisha kwamba utaratibu ni adui wa mnyonge, na kwamba ukiondolewa haki itapatikana haraka. Historia ya rufaa katika mlima huu inaonyesha jambo jingine. Mara nyingi waliouweka utaratibu kando walikuwa wenye mamlaka, na aliyeumia alikuwa yule aliyekosa pa kupeleka malalamiko yake.

Mambo ya kale yanajulikana. Mchungaji Mjerumani Bruno Gutmann aliandika kitabu kizima juu ya sheria za Wachagga, kilichotoka mwaka 1926, na kila mzee wa mlimani anajua kwamba mmea wa sale ndio alama ya mpaka na ndio hutumika kuombea msamaha. Mjerumani alipotawala, Mangi (yaani chifu) Meli na wenzake walinyongwa Old Moshi mwezi Machi 1900 bila ngazi yoyote ya rufaa. Kwa yaliyofuata, mwongozo mzuri ni kitabu cha Sally Falk Moore, Mmarekani aliyekuwa mwanasheria na mwanaanthropolojia. Alianza utafiti wake Kilimanjaro mwishoni mwa miaka ya 1960, na mwaka 1986 alichapisha historia ya miaka mia moja ya sheria za mila za mlima huu, tangu 1880 hadi 1980. Hoja yake ni kwamba kilichoitwa mila hakikusimama palepale. Kahawa ilikipa kihamba thamani ya fedha, watu wakaongezeka, ardhi ikaisha, na kila mabadiliko hayo yalibadilisha kilichohesabiwa kuwa haki ya mtoto wa kwanza, wa mwisho na wale wa katikati. Ikiwa mila yenyewe ilikuwa inasogea, basi swali la nani anakaa kitini kuitamka, na nani anaweza kumsahihisha, lilikuwa zito kuliko mila yenyewe.

Swali hilo lilijibiwa na Waingereza kwa namna ambayo ingefaa kukumbukwa zaidi. Mahakama Kuu ya Tanganyika iliundwa mwaka 1920, na kwa miaka michache ilikuwa na njia ya kuzifikia mahakama za wenyeji. Kisha Gavana Donald Cameron, mtetezi mkubwa wa kutawala kupitia machifu, akaleta sheria ya mahakama za wenyeji ya mwaka 1929. Kuanzia hapo hukumu ya baraza la mangi haikupanda tena kwa jaji. Ilipanda kwa Bwana DC, kutoka kwake kwa mkuu wa jimbo, na mwisho kwa gavana mwenyewe. Mawakili hawakuruhusiwa. Hoja iliyotolewa ingepigiwa makofi katika Siku ya Sheria yoyote ya leo: kwamba ufundi wa wanasheria ungemchanganya mwananchi, ungechelewesha mashauri na ungeharibu haki nyepesi inayoeleweka kijijini.

Tazama hoja hiyo ilimfaidi nani. Mangi ndiye aliyegawa ardhi, ndiye aliyesimamia kodi na kazi za lazima, na ndiye aliyehukumu ugomvi uliotokana na ugawaji wake. Aliyekata rufaa dhidi yake alikwenda kwa ofisa yuleyule aliyemtegemea mangi huyo kukusanya kodi. Mwaka 1946 mlima uligawanywa katika sehemu tatu, Hai, Vunjo na Rombo, kila moja ikawekewa mwitori wake, yaani chifu wa sehemu nzima, na Petro Itosi Marealle wa Marangu akawa mwitori wa Vunjo. Kwa mtu wa Kirua hiyo ilikuwa ngazi moja zaidi juu ya mangi wake, lakini ngazi ya utawala uleule. Mabadiliko ya sheria ya mwaka 1951 yalilegeza kidogo mpangilio huo bila kuuvunja. Kwa zaidi ya miaka 30, haki isiyofungwa na ufundi ilimaanisha haki isiyokaguliwa na jaji.

Kisa kinacholifunua jambo hili wazi kuliko vyote kinamhusu mtu aliyekuwa juu ya ngazi zote hizo. Thomas Marealle, naye wa ukoo wa Marangu, alichaguliwa Mangi Mkuu wa Wachagga mwaka 1951 kwa nguvu ya chama kilichoongozwa na akina Petro Njau na Joseph Merinyo, wazalendo wa mlimani waliotaka Wachagga wawe na sauti moja. Hazikupita hata miaka kumi, upepo ukageuka. Kundi la Solomon Eliufoo lilitaka kiongozi wa kuchaguliwa kwa muda maalumu, na kura ya mwaka 1960 ikaumaliza umangi mkuu. Eliufoo akawa rais wa Wachagga. Marealle hakuchukua mkuki wala kukimbilia kwa gavana. Alikwenda Mahakama Kuu mwaka 1961 na kulishtaki baraza la wilaya la Kilimanjaro, akidai fidia kwa kuondolewa katika cheo alichokuwa amepewa. Mahakama ilimsikiliza kama ambavyo ingemsikiliza mdai yeyote wa mkataba, ikampa haki.

Ushindi huo haukudumu. Tanganyika huru ilikuwa imeamua kuufuta uchifu nchi nzima, na mwaka 1963 Bunge lilipitisha sheria ya matokeo ya kufutwa kwa vyeo vya machifu, iliyozuia madai ya fidia ya aina hiyo kupelekwa mahakamani na kuyaondolea nguvu yaliyokuwa yamekwisha kudaiwa. Wapo watakaosema Marealle hakustahili huruma: alikuwa mtu wa tabaka la juu aliyetaka kulipwa na wakulima kwa cheo walichokikataa kwa kura. Hoja hiyo ina nguvu, na mtu anaweza kuikubali yote bila kukubali njia iliyotumika. Kama dai lilikuwa baya, mahali pa kulikatalia palikuwa mahakama ya rufaa, mbele ya majaji watakaotoa sababu. Kulikatalia bungeni, baada ya hukumu, kulifundisha nchi changa kwamba anayeshindwa kesi anaweza kubadili sheria ya mchezo ikiwa ana kura za kutosha. Mangi Mkuu alipofungiwa mlango, mkulima wa Kirua hakuwa na sababu ya kudhani kwamba wake ungebaki wazi.

Kwa haki, mwaka huohuo wa 1963 ulileta pia mageuzi makubwa kuliko yote kwa mkulima huyo. Sheria ya Mahakama za Mahakimu ilizifuta mahakama za wenyeji na kuweka ngazi moja kwa watu wote: Mahakama ya Mwanzo, Mahakama ya Wilaya, kisha Mahakama Kuu. Kwa mara ya kwanza tangu 1929, ugomvi wa mpaka wa kihamba uliweza kufika mbele ya jaji kama haki na si kama hisani. Kanuni za mwaka 1964 zilifanya mwenendo wa Mahakama ya Mwanzo kuwa mwepesi na wa Kiswahili, na zikaweka miaka 12 kuwa ukomo wa kudai ardhi kimila. Mahakama ya Rufani ya Tanzania ilipoundwa mwaka 1979, baada ya Jumuiya ya Afrika Mashariki kuvunjika mwaka 1977 na mahakama yake ya rufaa kwenda nayo, ngazi ya mwisho ilipatikana nyumbani. Ngazi hiyo ina kizingiti: shauri lililoanzia Mahakama ya Mwanzo halifiki huko mpaka Mahakama Kuu ithibitishe kwamba lina hoja ya kisheria.

Hapa ndipo wanaolaumu ufundi wana kesi ya kweli. Mwaka 1959 mahakama ya rufaa ya Afrika Mashariki iliamua shauri la chama cha ushirika cha Ngoni-Matengo dhidi ya Alimahomed Osman. Ilisema kwamba rufaa isiyo na nyaraka za lazima haihesabiki kuwa rufaa, hivyo huondolewa katika orodha badala ya kutupwa, kwa kuwa kutupa ni kuamua, na hapakuwa na kitu cha kuamuliwa. Tofauti hiyo ilikusudiwa kumlinda mrufani, maana aliyeondolewa anaweza kurudi akiwa na karatasi kamili. Lakini kurudi kuna muda wake. Chini ya kanuni za Mahakama ya Rufani za mwaka 2009, notisi hutolewa ndani ya siku 30 na rufaa yenyewe ndani ya siku 60 baada ya notisi. Aliyeondolewa kwa karatasi hukuta siku zimekwisha, inabidi aombe kuongezewa muda, aeleze kila siku iliyopotea, na maombi hayo nayo huweza kuanguka kwa kasoro nyingine. Mwenye wakili huvuka. Asiye naye hubaki njiani, ingawa mara nyingi karatasi iliyokosekana ni nakala ya mwenendo au ya tuzo, ambayo haiandaliwi na mwingine ila ofisi ya mahakama.

Hata hivyo, upande wa jinai unatukumbusha gharama ya kuutupa utaratibu wote. Katika shauri la Fatehali Manji mwaka 1966, mahakama ya Afrika Mashariki iliweka kanuni kwamba kesi hairudiwi ili upande wa mashtaka upate nafasi ya kuziba matundu ya ushahidi wake. Katika shauri la Daudi Pete, Mahakama ya Rufani chini ya Jaji Mkuu Francis Nyalali ilibatilisha kifungu kilichowanyima dhamana washtakiwa wa makosa fulani bila kumpa hakimu nafasi ya kupima. Hayo yote ni utaratibu mtupu, na ndiyo yanayomkinga kijana aliyekamatwa usiku asihukumiwe kwa makisio.

Mlango wa kuishtaki Serikali nao ulifunguliwa mahakamani. Mwaka 1993, katika shauri la Kukutia ole Pumbun, Mahakama ya Rufani iliondoa sharti la kuomba kibali cha waziri kabla ya kuishtaki Serikali. Bunge likaweka mahali pake notisi ya siku 90. Kisha likaja shauri linalopaswa kusomwa sambamba na la Marealle. Sheria ya mwaka 1992 juu ya ardhi ya vijiji vilivyoanzishwa wakati wa operesheni ya kuhamishia watu vijijini ilifuta haki za kimila, ikakatisha kesi zilizokuwa mahakamani na kuzuia utekelezaji wa hukumu zilizokwisha kutolewa. Lohay Akonaay na mwanawe Joseph, waliokuwa na hukumu ya kurudishiwa ardhi yao, waliipinga, na mwaka 1994 Mahakama ya Rufani, ikiketi Arusha, ikasema kwamba haki ya kimila katika ardhi ni mali inayolindwa na Katiba, na kwamba Bunge haliwezi kumfungia mwananchi njia ya mahakama. Kilichowezekana kwa Mangi Mkuu mwaka 1963 hakikuwezekana kwa wakulima wawili miaka 31 baadaye. Katikati yake kulikuwa na Hati ya Haki za Binadamu iliyoingizwa katika Katiba mwaka 1984. Inasikitisha kwamba watoto wa Vunjo hukariri vita vya mamangi na kumaliza shule bila kulisikia jina la Akonaay, ingawa kila kihamba cha wazazi wao kinalindwa na hukumu hiyo.

Mabadiliko ya karibuni yanaelezeka kwa ufupi. Mwaka 2000 Katiba iliagiza mahakama zisifungwe kupita kiasi na masharti ya kiufundi, na mwaka 2018 sheria ikaweka lengo kuu la kutenda haki kwa wakati na kwa gharama nafuu. Katika shauri la Yakobo Magoiga Gichere, Mahakama ya Rufani ililitumia lengo hilo kukataa kuvunja uamuzi wa Baraza la Kata kwa kasoro ndogo. Lakini katika shauri la kijiji cha Mondorosi dhidi ya Tanzania Breweries ilionya kwamba lengo hilo halitumiki kwa upofu dhidi ya masharti ya lazima yanayogusa msingi wa kesi. Wengi waliona huo ni ukigeugeu. Mimi naona ni busara, kwa sababu ukimsamehe anayechelewa bila kipimo, unamwadhibu jirani yake aliyefuata kanuni, na katika kesi ya kihamba huyo jirani huwa maskini vilevile. Mwaka 2021 Kiswahili kilifanywa lugha ya mahakama zote na mabaraza ya kata yakabakiwa na usuluhishi tu. Mwaka 2023 sharti la kuomba ruhusa ya kukata rufaa katika madai likaondolewa.

Kazi iliyobaki ni ya masijala zaidi kuliko ya majaji. Anayekata rufaa kutoka Kirua Vunjo apewe siku ya hukumu, bila kuomba, nakala ya hukumu, tuzo na mwenendo, pamoja na ukurasa mmoja wa Kiswahili unaotaja siku zake za kukata rufaa na mahali pa kuipeleka. Siku za mrufani zianze kuhesabiwa anapokabidhiwa karatasi hizo, na kasoro inayotokana na ofisi ya mahakama isahihishwe na ofisi hiyo kwa gharama yake. Yote hayo yanawezekana bila kufuta kanuni hata moja. Anayeahidi kuzifuta zote kwa ajili ya mnyonge aulizwe kwanza swali moja: hukumu ikikosewa, nani ataisahihisha?