Uduvi wa Tangi la Kioo: Akili Yao Hupimwaje?

Kigali iko mbali na bahari, lakini umbali huo haumzuii mkazi wake kufuga uduvi. Uduvi wa mapambo, hasa wale wekundu wenye asili ya Asia ya Mashariki, huishi katika maji baridi na hutosheka na tangi dogo la kioo. Wanapokimbilia chakula, mfugaji husema wana akili. Hata hivyo, huo si ushahidi wa kutosha, kwani huenda wanafuata harufu tu.

Kipimo cha haki hutenganisha harufu na kumbukumbu. Kwa siku kadhaa, chakula huwekwa katika kona moja yenye alama. Kisha alama huhamishiwa kona nyingine, na chakula hakiwekwi kabisa. Jaribio hurudiwa mara nyingi. Uduvi wakizidi kuifuata alama, hapo ndipo mtu anaweza kuzungumzia kujifunza. Uduvi anayejificha asihesabiwe kuwa mjinga: akishajivua gamba, mwili wake huwa laini, naye hukaa mafichoni hadi gamba jipya likomae. Maji ya bomba yenye klorini nayo humdhuru, na mnyama mgonjwa hapimiki.

Jamaa zake wamekwisha kupimwa. Mwaka 2019, watafiti wa Chuo Kikuu cha Swansea, Uingereza, walieleza kwamba kaa wa pwani walijifunza njia ya mzingile kwa wiki 4, na wiki 2 baadaye walikuwa bado wanaikumbuka.

Swali zito zaidi ni la maumivu. Mwaka 2007, watafiti wa Belfast waliwapaka kamba asidi kwenye papasi moja. Kamba waliisugua papasi hiyohiyo, na dawa ya ganzi ilipunguza msuguo huo. Mwaka 2010, watafiti wengine nchini Marekani walijaribu spishi tofauti wasione dalili hizo. Mjadala uliendelea, lakini baada ya tathmini ya tafiti zaidi ya 300, sheria ya Uingereza ya mwaka 2022 iliwatambua kaa, kamba na jamii yao kuwa wanyama wenye hisia.

Kwa sababu hiyo, majaribio ya nyumbani yatumie chakula na alama pekee, kamwe yasitumie asidi, joto wala umeme.