Kilima cha Lubumbashi

Mgeni afikaye Lubumbashi hana budi kuona, atake asitake, vitu viwili vilivyosimama bega kwa bega: dohani ndefu ya tanuri la shaba, na kando yake kilima cheusi ambacho hakikuwapo siku mji ulipopimwa viwanja, bali kilirundikwa na wanadamu kidogo kidogo, kwa kuwa ni mavi ya shaba yaliyomwagwa hapo kutoka tanuri lile, lililotoa shaba yake ya kwanza mwaka 1911.

Nchi ya Katanga, huko Kongo, uliko mji huo, ilisifika kwa shaba zamani sana kabla ya kuja kwa Wabelgiji. Mafundi wake waliiyeyusha katika kalibu za udongo na kuisubu kwa umbo la msalaba, na misalaba hiyo ikawa fedha ya biashara hata katika nchi za mbali. Na ni shaba hiyo, pamoja na pembe, iliyomvuta Msiri na Wanyamwezi wake wakaenda kutawala huko katika karne ya 19, misafara ya pwani ikafuata, na Kiswahili kikapata makao ambayo hakijayahama hadi leo. Basi kampuni ya Union Minière ilipoundwa mwaka 1906 haikuwa na haja ya kujiuliza inatafuta nini: hapo mwanzo daftari zake zilihesabu shaba, na kilichobaki tanurini kilipelekwa kilimani.

Ama Kipushi, mji mdogo ulio mpakani mwa Zambia, yapata kilomita 30 kutoka Lubumbashi, mgodi wake ulianza kuchimbwa katika miaka ya 1920, na mawe yake yalikuwa na tabia ya peke yake, kwa sababu shaba ilichanganyikana na zinki, na ndani ya mchanganyiko huo mlikuwamo jiwe la rangi ya machungwa ambalo wapimaji walilidhania kuwa ni namna nyingine tu ya madini ya shaba waliyoyazoea. Mwaka 1948 ndipo mtaalamu wa madini J. F. Vaes alipobainisha kuwa ni jiwe lisilopata kuandikwa na mtu, akaliita renierite kwa heshima ya mwanajiolojia Armand Renier. Na kilicholitofautisha na mengine ni gerimani iliyokuwa ndani yake.

Gerimani yenyewe ni elementi ambayo mwanakemia Mendeleev aliitabiri mwaka 1871 kabla haijaonekana, akaiachia nafasi katika jedwali lake, na mwaka 1886 Clemens Winkler akaipata kule Freiberg, Saxony. Baada ya hapo ilikaa miaka 60 bila kazi kubwa, hata Desemba 1947, wataalamu wa Bell Labs walipoitumia kuunda transista ya kwanza. Miezi michache tu, basi, ndiyo iliyotenganisha haja na ugunduzi wa Kipushi, na katika miaka ya 1950 gerimani ya Katanga ikawa bidhaa ya kupelekwa Ubelgiji. Lakini ile iliyokuwa katika mawe ya Kipushi yaliyokwisha kupita tanurini Lubumbashi ilikuwa imelala kilimani, na hapana aliyeililia, kwa kuwa silikoni ilikuja kuishinda gerimani katika transista, ikaonekana kwamba zama zake zimekwisha.

Hazikwisha. Mwaka 1970 wataalamu watatu wa kampuni ya Corning, katika jimbo la New York, walivuta unyuzi wa kioo ulioweza kupitisha nuru masafa ya kufaa, wakiwa wameutia titani. Miaka miwili baadaye waliiacha titani wakatia gerimani katika kiini cha unyuzi, na upotevu wa nuru ukapungua kwa kadiri kubwa. Tangu hapo gerimani ndiyo inayoizuia nuru isitoroke njiani.

Kazi yake ya pili ni ya kustaajabisha zaidi, ijapokuwa huhitaji chembe tu. Katika vituo vya data, ambako maelfu ya kompyuta huzungumza usiku na mchana, waya wa shaba ukisukumwa kwa kasi ya siku hizi hupoteza ujumbe wake ndani ya mita chache, na kwa hiyo nuru imeshika nafasi yake kutoka kabati hadi kabati, ikipita katika chipu za silikoni, kama alivyopendekeza mtafiti Richard Soref katika miaka ya 1980. Ila silikoni ina upungufu: nuru isiyoonekana na macho, itumikayo katika nyuzi, hupita ndani yake kama ipitavyo kiooni, hivyo silikoni huweza kuipeleka lakini haiwezi kuinasa. Gerimani huinasa. Kuipandikiza juu ya silikoni kulikuwa taabu, maana atomi zake zimeachana zaidi kwa takriban asilimia 4, na tabaka huota kasoro, hata watafiti wa MIT walipoonyesha, mwishoni mwa miaka ya 1990, namna ya kuituliza kwa kuipasha moto na kuipoza mara kwa mara.

Silikoni iliyomshinda mpinzani wake imekuja kumbeba mgongoni ili apate macho. Na kile kilichotupwa ili shaba ipatikane sasa kinaiondoa shaba kazini.

Safari ya chembe hiyo ni ndefu: husafishwa, hugeuzwa gesi, huingia kiwandani kuwa tabaka jembamba, kisha chipu huungwa na leza ya indi na fosforasi, na hatimaye hufungiwa nyuzi zake huko Thailand au katika mji wa Suzhou, China, kazi ambayo aghalabu hugharimu zaidi kuliko chipu yenyewe. China, itoayo sehemu kubwa ya gerimani duniani, iliweka masharti ya kibali kwa wauzaji wake mwaka 2023, na Desemba 2024 ikakataza kuiuzia Marekani. Mwaka huo wa 2024 mgodi wa Kipushi, uliofungwa tangu 1993, ulianza tena kutoa zinki. Na kutoka katika kilima cheusi, ambacho sasa kinachimbwa kama mgodi, Gécamines, kampuni ya madini ya serikali ya Kongo, ikasafirisha shehena yake ya kwanza ya gerimani kwenda kwa Umicore, Ubelgiji, kampuni ambayo hapo zamani iliitwa Union Minière.