Besi Inavuma Kejani? Tuliza Chumba Kabla Uchome Doh Kwa Spika Zingine

Umejibana miezi kadhaa, hatimaye umenunua spika kali. Unazifikisha keja, unaweka ngoma, alafu unashangaa: ukiegemea ukuta besi inanguruma kama lori, ukikaa katikati ya chumba imepotea. Kabla urudi dukani kugombana na mwenye duka, jua hivi: mara nyingi shida si spika. Ni chumba.

Sauti husafiri karibu mita 343 kwa sekunde. Kama kutoka ukuta mmoja hadi mwingine ni mita 3, besi ya karibu Hz 57 inagonga ukuta, inarudi, inakutana na ingine inayokuja. Karibu na ukuta zinaongezana nguvu, katikati zinafutana. Chumba kikiwa mraba ndio mbaya zaidi, juu pande zote zinavuma kwa noti moja.

Na trei za mayai je? Hapo ndio wasee wengi hupoteza pesa. Trei ni nyepesi sana, besi inapita tu kama haijaiona. Sponji nyembamba nayo inameza sauti za juu pekee, so ngoma inakosa uhai na mngurumo unabaki pale pale. Tena sponji hushika moto haraka na moshi wake ni sumu. Kama unapika humo humo, achana nayo.

Anza hivi:

1. Sogeza kiti. Cheza ngoma moja yenye besi, usogee polepole hadi upate mahali imetulia. Hii ni bure.

2. Kaa hapo, mwambie beshte apitishe kioo kwa ukuta wa kando. Pale unapoona spika ndani ya kioo, ndipo paneli itakaa. Fanya hivyo pande zote mbili.

3. Tengeneza paneli. Fremu ya mbao, rokwulu ya sentimita 10 ndani, alafu kitambaa ambacho ukiweka mdomoni unaweza kupumua. Acha nafasi kidogo kati yake na ukuta. Ukishika rokwulu, vaa glavu na maski, manze inawasha.

4. Weka mitego ya besi. Ni kama hizo paneli, lakini nene zaidi, zikisimama kwa kona kutoka sakafuni hadi karibu na dari. Kona ndio besi hujaa. Kama doh ni ya kuhesabu, anza na kona mbili nyuma ya spika.

Zote zipe miguu zisimame zenyewe. Ukitoboa ukuta wa wenyewe, deposit utaisahau.

Na usidanganyike: hizi vitu hutuliza sauti ndani, hazizuii itoke nje. Kuizuia kunataka ukuta mzito na mlango usio na mwanya. Kwa hivyo jirani akigonga saa sita usiku, usimwonyeshe paneli. Punguza sauti tu.