Suheli Moja, Majangwa Mawili

Katika nyota zote za usiku, Suheli hushindwa mng'ao na moja tu, Sirius. Manahodha wa pwani yetu waliifuata kuijua kusini. Watu wa jangwani waliitafutia habari nyingine: joto na baridi. Tuwatazame Mabedui wa Uarabuni na Wasan wa kundi la /Xam, waliokaa nyika kame za Karoo, Afrika Kusini.

Uarabuni Suheli huonekana tena alfajiri mwishoni mwa Agosti, baada ya kupotea kwa miezi. Hapo Riyadh haipandi hata nyuzi 15 juu ya upeo wa kusini, lakini hungojewa kwa hamu, maana joto la zaidi ya nyuzi 40 limekwisha kuwachosha watu. Mchana bado unachoma. Usiku ndio unaotangulia kupoa. Watu wa Ghuba huanzia hapo hesabu ya Durur, wakiugawa mwaka kwa makumi ya siku. Ibn Qutayba, aliyefariki mwaka 889, aliiandikia kitabu elimu ya nyota na majira. Uislamu nao uliiwekea mpaka: nyota huonyesha wakati, mvua huteremshwa na Mungu.

Karoo, Suheli huchomoza kabla ya jua wakati kipupwe kinapoingia. Hewa ni kavu, mawingu haba. Joto la ardhi hutorokea angani, na usiku maji huganda. Simulizi zilizonakiliwa na Wilhelm Bleek na Lucy Lloyd, zikachapishwa 1911, zinamtaja Suheli kuwa bibi anayekuja na majana ya sisimizi, chakula cha /Xam. Bibi huyo hutokeza akiwa na baridi. Basi mtu hutia kijiti motoni na kumwelekezea kikiwaka, huku akiimba, ili bibi apate joto na jua liwapashe watu.

Tusiseme huku ni elimu na kule ni ngano. Kila upande uliifunga nyota na jambo linaloonekana: usiku kupoa, chakula kupatikana. Tofauti ni wajibu. Bedui aliipokea tarehe asiyoweza kuisogeza. Mxam alikuwa na jamaa wa kumhudumia. Tofauti hiyo imeamua hata urithi wenyewe. Hesabu huweza kuhama kutoka hema hadi ghorofa, na Durur ingali inatajwa Ghuba. Udugu hautoshi kuandikwa. Unadai watu wa kuutenda, na lugha ya /Xam haina tena msemaji wa kumwita bibi yake.