Habari za Ushanga Katika Pwani Yetu

Wengi katika parokia zetu, toka Kunduchi hata Mbagala, hudhani kwamba ushanga ni kitu cha kigeni, nasi tulijifunza kuuvaa tu. Wengine huudharau, wakisema ni pambo la wasiosoma. Yafaa basi waumini na walimu wajue habari zake, maana adharauye kazi ya mikono ya wazee wake hudharau na akili zao.

Kabla shanga za kioo hazijaenea, watu wa pwani walitengeneza shanga kwa makombe ya baharini. Huko Tumbe, kisiwani Pemba, palipokaliwa na watu tangu karne ya 7 hata ya 10, wachimbuzi wa mambo ya kale wameokota vigae vingi sana vya vyungu vyenye mifereji. Yaaminika kuwa hivyo vilikuwa vinoo vya mafundi wa shanga. Kazi yenyewe ilikuwa hivi: kombe lilivunjwa vipande vidogo, kila kipande kikatobolewa katikati, kisha vikasuguliwa mpaka vikawa vya duara, vyote vya kadiri moja. Kazi hiyo yataka jicho na subira.

Shanga za kioo nazo si za jana. Kitabu cha Myunani mmoja wa karne ya 1 kinataja vioo vya namna nyingi miongoni mwa bidhaa zilizoletwa pwani hii. Mwaka 1999 Profesa Felix Chami wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam alitoa habari za shanga zilizofukuliwa upande wa Rufiji, ambazo alizihesabu kuwa za zama za Warumi. Baadaye, kwa karne nyingi, vyombo vilileta shanga toka Bara Hindi; na katika karne ya 19 zikazidi zile za Venice. Mafundi wa huko walivuta kioo cha moto kiwe mrija mwembamba, wakaukata vipande, wakavipasha moto tena ili ncha zisikate uzi.

Je, wenyeji walipokea kila walicholetewa? Hasha. Richard Burton, aliyesafiri bara mwaka 1857 hata 1859, aliandika kwamba aina za shanga zilikuwa kama 400. Samesame, nyekundu kwa nje na nyeupe kwa ndani, zilipendwa kupita kiasi. Stanley naye, alipofunga safari Bagamoyo mwaka 1871, alichukua magunia 22 ya shanga za aina 11, kwa kuwa nyeusi zilipokewa Ugogo na kukataliwa kwingine, na zilizotakiwa Ujiji hazikuwa na thamani mahali pengi. Hivyo mfanyi biashara alitii uchaguzi wa wanunuzi. Lakini tusisahau kwamba shanga hizo zililipia pembe za ndovu, na kwa njia hizo hizo wanadamu walishushwa pwani wakiwa watumwa.

Basi kioo kilitoka ng'ambo, lakini sanaa ya kukitunga ni ya hapa. Uzaramoni mwali alipotolewa nje alipambwa kwa shanga, na kinyago cha mwana hiti, alichopewa akitunze, pengine kilivikwa shanga pia. Utunda wa kiunoni bibi humtungia mjukuu, akimfunza kuhesabu na kupanga rangi. Mtungaji hana karatasi mbele yake. Akikosea hesabu katika safu moja, nakshi yote hupotoka, naye hana budi kufumua.

Leo katika soko la vinyago la Mwenge, wilayani Kinondoni, na katika maonyesho ya Sabasaba, wilayani Temeke, twaziona kazi za shanga zikiuzwa, hasa za Kimasai. Uzi sasa ni wa nailoni, na shanga nyingi zatoka Ucheki na China. Hayo si ya kulaumiwa, kwa kuwa kioo kilitoka mbali tangu zamani. La kuhuzunisha ni kwamba bibi akifariki, majina ya nakshi na maana zake huzikwa pamoja naye, na anayebaki huuza rangi asizoweza kuzieleza.

Kwa hiyo nawasihi walimu: watumeni watoto wakawaulize bibi zao, wayaandike majina hayo katika madaftari, na nakshi wazichore mraba kwa mraba. Nao akina mama wa jumuiya na wakutane na binti, waketi pamoja na sindano na uzi, wawafundishe kazi hii wakingali na nguvu na macho ya kuona.