Dhahabu Safi kwa Nani? Neno «clean» na Migodi ya Kusini mwa Maniema

Neno la Kiingereza «clean» ni fupi, lakini limebebeshwa mengi. Shati lililofuliwa, mtu asiye na rekodi ya polisi, umeme usiotoa moshi, fedha halali: vyote huitwa hivyo. Tangu mwaka 2010 limeongezewa maana nyingine, madini yasiyofadhili vita, na kwa njia hiyo limefika hadi machimbo ya Kabambare na Kasongo, katika mkoa wa Maniema, Kongo. Makala hii inadai kwamba neno hilo, linapotumiwa kuhukumu dhahabu ya huko, linachanganya mambo ambayo Kiswahili huyatenga, na kwamba hasara ya mchanganyiko huo humwangukia mchimbaji.

Kiswahili kina mizizi mirefu Kasongo. Mfanyabiashara Tippu Tip wa Zanzibar aliweka makao yake hapo mwaka 1875. Majeshi ya Wabelgiji yaliuteka mji mwaka 1893, lakini lugha na Uislamu vilibaki. Msemaji wa huko hufua nguo, huosha vyombo, hunawa mikono na hufagia ua. Akitaka kuswali, hutawadha, na mikono iliyosuguliwa kwa sabuni haimpi udhu. Akikosa maji, hutayamamu kwa udongo: vumbi humtoharisha pasipo kumwondolea hata chembe ya uchafu. Kuondoa taka ni jambo moja. Kutoa hukumu kwamba kitu kinafaa ni jingine. Tofauti hii ndiyo inayopotea katika mjadala wa madini.

Tuifuate dhahabu yenyewe. Kwanza, huoshwa. Mchimbaji humimina mchanga na maji juu ya mfereji wa mbao uliotandikwa gunia. Udongo mwepesi huchukuliwa na maji, dhahabu, iliyo nzito mara 19 kuliko maji, hunasa chini. Masalio huzungushwa katika karai. Panapotumika zebaki, chembe hushikamana zikawa donge, donge hukamuliwa katika kitambaa kisha huchomwa. Zebaki hupaa kwa mvuke, na aliyeinama juu ya moto huivuta mapafuni. Mkataba wa Minamata wa mwaka 2013 ulitungwa kudhibiti sumu hiyo. Kadiri dhahabu inavyong'aa, ndivyo tope linavyozidi katika vijito vinavyoelekea Luama na Lualaba.

Pili, husafishwa kiwandani hadi kufikia kiwango cha asilimia 99.99. Kiwango hicho kinaeleza metali tu, hakielezi njia ilikopita. Tatu, huweza kutakatishwa, kama fedha za wizi zinavyotakatishwa: gramu za machimbo mengi huyeyushwa pamoja na asili yake ikafutika. Bati husafiri kwa magunia yenye lebo. Lakini kilo moja ya dhahabu huingia mfukoni na kuvuka mpaka. Machi 2022, Marekani iliuwekea vikwazo mtambo wa African Gold Refinery wa Entebbe kwa tuhuma za kupokea dhahabu haramu kutoka Kongo. Tanuri linalosafisha ndilo linaloweza pia kutakatisha.

Nne, hutoharishwa kwa hati. Kifungu cha 1502 cha sheria ya Marekani iitwayo Dodd-Frank, ya Julai 2010, kiliyataka makampuni yaeleze kama bati, tantali, tungsteni na dhahabu yao vimetoka Kongo au nchi jirani zake. Serikali ya Kongo ikaanza kuyapa machimbo rangi: kijani, manjano au nyekundu. Vigezo vikuu ni kuwepo kwa wenye silaha, watoto wanaofanya kazi na wajawazito. Ni vigezo vya haki, lakini kijani cha hati kinaweza kukaa pembeni mwa kijito cha tope.

Kabla ya rangi hizo kulikuja marufuku. Kuanzia Septemba 2010 hadi Machi 2011, Rais Joseph Kabila alisimamisha uchimbaji mdogo katika Kivu zote mbili na Maniema nzima. Aliyeosha mchanga bila kumlipa mtu yeyote mwenye bunduki alifungiwa sawasawa na aliyelipishwa. Machimbo yake hayakuchunguzwa; mkoa mzima ulihesabiwa najisi.

Kampuni kubwa nayo haikuepukana na tatizo la hati zisizoeleza yote. Mgodi wa Namoya, huko Salamabila katika Kabambare, uliokuwa wa kampuni ya Banro ya Kanada, ulianza uzalishaji wa kibiashara mwaka 2016 ukasimama mwaka 2019 kwa sababu ya mashambulizi ya watu wenye silaha. Kampuni inaweza kuwa na leseni na vitabu vya hesabu, na bado ugomvi wa ardhi na wachimbaji wadogo ukabaki pale pale.

Huenda mtu akapinga: mnunuzi aliye mbali anahitaji alama moja nyepesi, hawezi kusoma ripoti nyingi. Hoja hii ina uzito, maana sheria ya Dodd-Frank imeyalazimisha makampuni kuuliza yaliyokuwa hayaulizwi. Lakini wepesi wake unalipiwa na mchimbaji, ambaye hubeba mzigo wa ukaguzi na hupata kidogo katika mnyororo wa dhahabu.

Waswahili husema mwosha huoshwa. Hati ya dhahabu itaje kila jambo peke yake: silaha, watoto, zebaki, maji na kodi. Na ukaguzi unaomwandama mwenye karai upande hadi kwa mnunuzi, msafirishaji na mwenye tanuri, kwa vigezo vilevile na kwa ukali uleule.